Kipimo cha Mushiya

...tisini na tano au mia na kumi, ndilo swali lililo mbele yangu, na mimi niliyewahi kupima mashimo ambamo parokia yetu nzima ingezama pamoja na mnara wake nimesimama mbele ya meza ya sidiria katika soko la Kolwezi kama mtu aliyeulizwa jina la mamaye akalikosa, muuzaji ameinua mbili, moja katika kila mkono, nyeupe ndogo na nyeusi kubwa, na anangoja, "Tata, mwili ni wa namna gani? Mama ni munene ao ni wa katikati?", msichana mwenye nywele za kusuka nyekundu ambaye mwenzake wa meza ya sabuni humwita Chancelle, na Chancelle hajui kwamba mwanamke huyo amelala katika chumba cha maiti tangu juzi, hajui kwamba ni mke wangu Mushiya, na kwamba dada yake mkubwa, Tshibola, ameketi kwenye mlango wa chumba hicho na mfuko mapajani, ndani yake libaya jipya la kuvaa juu, kikwembe kipya, kitambaa cha kichwa, soksi, kila kitu isipokuwa hiki kimoja, maana katika ukoo wao nguo ya mwisho inayogusa ngozi ya mke huletwa na mume, kwa mkono wake, hatumwi binti wala jirani, "weye Tata Gael, weye mwenyewe," alisema Tshibola asubuhi hii akininyoshea kidole, "na ikuwe ya mupya, hapana ya balo, mudogo wangu hataenda mu udongo na jasho ya bantu bengine, na ikuwe sawa na mwili, sababu ikikatala, bale ba morgi bataikata kwa nyuma na makasi"... makasi, neno hilo limenifuata njia yote, nyuma ya malori ya madini, katika vumbi, limekaa sikioni kama mbu, kwa kuwa mimi nimeona wanavyofanya, koti alilozikwa nalo kaka yangu Beya lilikuwa limemkaa vizuri sana kifuani, kila aliyepita akasema ametulia, amependeza, kisha wabebaji walipoliinamisha jeneza mlangoni kaka yangu akateleza kidogo upande, na nikaona kwamba koti lile halikuwa na mgongo, lilikuwa limepasuliwa kutoka ukosi hadi pindo na kuwekwa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na shati vilevile, na tangu siku ile kila ninapomkumbuka Beya namwona kwa nyuma, jambo ambalo si haki kwa mtu aliyekuwa na uso mzuri, na Mushiya sitaki kumkumbuka kwa nyuma, sitaki makasi yapite mahali ambapo... "Tata, weye unalala wima ao?", anacheka Chancelle, si kwa ubaya, na yule wa sabuni anadakia, "Muache, anapima na macho kwanza, banaume ba retrete, bale bameacha kazi, ni ba mahesabu," "Mahesabu ya nini? Bibi ya nyumba haombake sutie ku bwana yake, anajinunuliaka yeye mwenyewe. Hii ni ya kopine, mupenzi ya inje!", "Eeeh! Na nywele zote nyeupe vile!", wanapigana viganja juu ya vipande vya sabuni, nami nashangaa kwamba uso wangu umeweza kutabasamu, uso una adabu zake, unaendelea na kazi hata mwenye nyumba akiwa ameondoka... ningesema tu, mabinti, ni ya marehemu, na kicheko kingekatika papo hapo, angezishusha sidiria mezani, pengine angeondoa mkono, wapo wasiopenda bidhaa zao zichaguliwe kwa ajili ya kaburi, angesema pole tata, pole sana, naye Mushiya angegeuka kuwa marehemu hata hapa, kwenye meza ya mwisho katika mji huu ambapo bado anafikiriwa kuwa hai, bado ni mwanamke fulani mnene au wa katikati ambaye mzee mmoja anamwonea haya, kwa hiyo ninamwacha aishi dakika chache zaidi katika mzaha wao.

Tuanze kwa utaratibu... ninacho kipimo kimoja, ile sidiria yake ya zamani niliyoikuta kwenye kamba ya kuanikia nyuma ya nyumba, imekauka tangu kabla hajapelekwa hospitali, imekakamaa kwa jua, leo asubuhi niliitandaza kitandani nikaipima kwa utepe, ikiwa imelegea inatoa jibu moja, ikivutwa inatoa jingine, na tofauti kati ya majibu hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya sidiria hizi mbili zilizo hewani, kipimo ambacho kosa lake linazidi jambo linalopimwa si kipimo, tulifundishwa hivyo chuoni Lubumbashi mwaka wa kwanza, mpira hauna urefu, mpira una nguvu ya anayeuvuta tu, na zaidi ya hapo sidiria ile haikuwa moja, zilikuwa mbili, Mushiya alizikata mbili za bei rahisi akaziunga kuwa moja, mgongoni akaongeza kipande cha kikwembe na safu ya ndoano kutoka katika ya tatu, kwa sababu miaka ile yote soko hili liliuza sidiria za wasichana tu, yeye akawa anaingia ndani ya nguo hizo kama mtu anayefunga sanduku lililojaa, anavuta pumzi, anafunga, na kilichokosa nafasi kinafurika juu na pembeni, mgongoni ukanda unapanda hadi karibu na shingo, mikanda ya mabegani imeshikwa kwa pini, na kwaya yote ilijua, waliimba naye miaka na miaka, walimtania, "Mushiya hana lazima ya meza, kitabu ya nyimbo kinajikalia chenyewe," naye alikuwa wa kwanza kucheka, alikiweka kweli kitabu pale kifuani akainua mikono yote miwili hewani, tazameni, hakianguki, lakini kwenye ubeti wa tatu, sauti ilipotakiwa kupanda, nilimwona kutoka benchi ya wanaume akinyoosha viwiko nje kidogo, namna kuku anavyotikisa bawa, akitafuta mahali pa kuweka pumzi, "Tata Gael, mabega yangu si misumari ya kutundikia bitu," aliniambia, "ile kintu ingenikamata kwa chini, isinivute kwa juu," na alikuwa sahihi kabisa, mzigo hubebwa na nguzo iliyo chini yake, mzigo unaoning'inizwa utakata kile kinachouning'iniza, iwe ni mwamba, iwe ni... jana waliniruhusu kumwona, walishusha shuka kidogo tu, kwa heshima, hadi hapa, na nyama yote ilikuwa imekwenda, ugonjwa wa tumbo uliila msimu mzima wa mvua, shingo imekuwa ya mtu nisiyemjua, lakini juu ya kila bega ulikuwapo mtaro, uleule, laini, mweusi kuliko ngozi iliyouzunguka, mitaro miwili sambamba, na hakukuwa na kitu tena cha kuchimba mitaro hiyo, mvua imekatika na korongo limebaki, nilitaka kuweka kidole ndani yake, mhudumu akakohoa, nikaurudisha mkono... "Onyesha na mikono basi, tata," anasema Chancelle, "banaume bote banaonyeshaka hivi, haiko zambi," na kwa kuwa mikono yake ina sidiria anaonyesha kwa vifundo, anavitanua, anavikunja, hivi? ao hivi?, yule wa sabuni anafunika mdomo kwa kanga ya mtoto, na mimi naiacha yangu mfukoni, imekuwa mawe humo, kwa sababu nikiitoa itaonyesha, haitauliza ruhusa, itajikunja yenyewe kwa upana ambao hakuna chuo kilichoifundisha, na watu wote wa njia hii ya soko watamwona.

Basi njia nyingine, mkono... urefu wa mkono wangu kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati naujua, kila mpima ardhi wa rika letu alijipima mwili kabla ya kukabidhiwa chombo, na siku tulipomwoza binti yetu Glodie kule Lubudi nilicheza na Mushiya, mkono wangu wa kuume ukamzunguka mgongoni, chini kabisa ya kifua, kidole kikafika hasa kwenye mshono wa pembeni wa libaya lake na hakikuvuka, kwa hiyo kutoka mshono hadi mshono, ukizidisha, ukiondoa unene wa kitambaa, ukiongeza yale yaliyo mbele... jibu linatoka, linatoka safi, ni ile nyeusi, ni mia na kumi, na bakuli lenye kina kirefu, mikanda mipana, ndoano nne mgongoni, ndiyo hasa, ndiyo ile aliyoitafuta maisha yake yote, imefika Kolwezi pamoja na hawa watu wapya wa migodi na fedha zao mpya, iko hapa mezani kati ya nyingine, kana kwamba haijawahi kukosekana, na jibu ni sahihi, na ni la bure, kwa maana mwanamke wa Lubudi si yule aliye chini ya shuka, nyeusi itamlalia kama mahema mawili yaliyoanguka, hakutakuwa na makasi, hapana, kutakuwa na mikunjo, na Tshibola atainua sauti mbele ya wanawake wote wanaomwosha, "Huyu alioa mudogo wangu ao alioa mwengine?", na nikichukua nyeupe, itakaa sawasawa, itafungwa bila kukatwa, nitakuwa nimempatia kipimo kamili mwanamke ambaye Mushiya alikuwa kwa majuma machache tu, mwanamke aliyetengenezwa na ugonjwa, nami nitakuwa nimeutia sahihi ugonjwa ule... kilima nilichokipima mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kile kilichokuwa upande wa machweo, ramani yangu bado inakipa kimo chake hadi sentimita, na mahali pake leo pana shimo lenye maji ya kijani, vijana wachimbaji wanakufa humo wakitafuta kobalti, na aliyekuja baada yangu alichora shimo, naye hakukosea, ramani mbili za mahali pamoja, zote za kweli, na mtu akiniuliza kilima kile kiko wapi nitamwonyesha ipi, "Tata, mikono inanichoka, wallai," anasema Chancelle, "sikia, kama unaogopa juu ya kufunga, angalia, hii ni rahisi," anaweka nyeupe begani, anaigeuza ile nyeusi, anazikutanisha ndoano nne na vitanzi vyake, kisha kwa vidole viwili, bila kutazama, anazifungua zote kwa mara moja, tik...

...tik, na ni jioni, ni jioni yoyote, mlango wa mbele umefungwa, amerudi kutoka kwaya au sokoni au kwenye matanga ya watu wengine, hajaweka hata mkoba chini, anaegemea fremu ya mlango wa chumba chetu, mkono wa kushoto unapita nyuma chini ya libaya, tik, kisha ule mchezo wa ajabu ambao mimi na hesabu zangu zote sikupata kuuelewa, mkanda unatolewa kwa mkono huu wa nguo, mwingine kwa ule, na sidiria nzima inachomoka kupitia mkono wa libaya ilhali libaya halijafunguliwa hata kifungo, anaitupa kwenye mgongo wa kiti, haangalii imeangukia wapi, na mwili wake wote unashuka mahali pake, anatoa pumzi moja ndefu kuliko ubeti wowote, anajikuna chini ya matiti kwa mikono yote miwili bila haya mbele yangu, na anasema, si kwangu, anaiambia nyumba, "Ni sasa njo nimefika," kwa sababu hakuhesabu kwamba amefika alipopita lango, wala alipovua viatu, wala aliponisalimu, alikuwa bado yuko njiani, yuko kwa watu, hadi ile ndoano iachie... na sisi tunamtafutia ya kufungiwa, mimi na Tshibola na desturi, tunabishana juu ya ukubwa wa kitu ambacho atafungiwa mgongoni na mikono ya wageni asiweze kukifikia tena, tunataka alale humo, kwaya imekwisha, matanga yamekwisha, lango limefungwa, na yeye tunamwacha njiani, amevaa kwa ajili ya watu, anangoja jioni... Mungu wangu, hapana, ndogo hapana na kubwa hapana, hatafungiwa, libaya lake litawekwa juu ya ngozi yake kama alivyokaa nalo nyumbani akichambua majani ya sombe, na watasema nimemzika kama mwanamke asiye na mume, watalisema hadi kwao Kasai, Tshibola atapiga kelele pale mlangoni hata walinzi wasimame, atanitaja baba na babu, naye ana haki, mtu aliyempoteza mdogo wake ana haki ya kelele, nitasimama mbele yake na kuzipokea zote, kisha nitamwambia, si kwa Kiswahili hiki cha vitabu, nitamwambia kwa ile lugha ya jikoni tuliyoitumia sisi wote watatu, yaya, mukubwa wa bibi yangu, ile ya mia na kumi nimeileta, ni mupya, hapana ya balo, nimeileta na mukono wangu, tumuwekee pa kando yake, bila kufunga, sawa vile alikuwa anaitupaka, yaya, muache, ameshafika... "Tata! Ni ipi?", anauliza Chancelle, nyeusi mkono huu na nyeupe begani, yule wa sabuni ameinama akitafuta chenji ya mtu mwingine, lori linapita, meza inatetemeka, sidiria zote zilizotundikwa zinayumba pamoja, polepole, na mimi natoa mkono mfukoni, nauelekeza kwenye nyeusi.