Mke wa Sura ya Kwanza

Mimi vitabu sivipambi. Wenzangu wa kikundi cha wasomaji hapa Bariadi wananiita mnoko, na waite tu. Mwezi huu nimesoma vinne, na vitatu vimenichefua. Cha kwanza watu wanavuna pamba kwenye mvua za Machi, wakati pamba huvunwa kiangazi. Mwandishi huyo hajapita Maswa hata kwa basi. Cha pili mpelelezi anapigwa risasi na bado anaruka ukuta. Cha tatu ni cha mapenzi: binti analia mpaka ukurasa wa mwisho. Hicho nilimpa Gloria wa kikundini, nikamwambia asinirudishie.

Cha nne ni muswada wa mume wangu, Novatus. Kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji alitaka niusome bila huruma, kama ninavyowasoma wengine.

"Mama Shija, usinionee aibu," alisema. "Nipe ukweli."

Kinachoniuma ni kwamba anajua kuandika. Amezaliwa Mwamapalala, kwenye ng'ombe, na ng'ombe wake unawasikia wakipumua. Maksai wa kulimia wanaitwa Polisi na Meneja. Meneja alipovunjika mguu nililia kweli.

Lakini mke wa shujaa anakufa kwa homa sura ya kwanza, mistari mitatu tu. Msiba hakuna. Hakuna jirani aliyeleta kuni wala unga, wakwe hawakufika. Usukumani hata adui yako akifiwa unakwenda! Sura ya pili mwanamume ananyoa ndevu huku anapiga mluzi. Na yule mke hana jina.

Nilimfuata uani na muswada mkononi. Alikuwa anaosha pikipiki.

"Baba Shija, maksai wako wana majina. Mkeo je?"

"Wa kwenye kitabu?"

"Nimeuliza, nijibu."

"Ni hadithi tu, mama Shija." Akaendelea kusugua rimu.

"Uliniomba ukweli. Na mimi nautaka."

Akaweka kitambaa chini. "Niliandika Philomena. Nikaona utaumia, nikalifuta."

"Ukafuta jina langu, kifo changu ukakiacha?"

Nikaanza kuomba moyoni aniambie uongo wowote.

"Nilijaribu kumwacha hai," alisema. "Hadithi ikagoma kwenda."

Nikamwekea muswada juu ya kiti cha pikipiki, pale penye maji.

"Upeleke," nikamwambia. "Kitabu ni kizuri. Mwandishi ndiye simtaki."