Reli ya Mama Wahu

Kwa miaka mitano Nyaruai alijenga reli yake katika chumba cha pembeni cha nyumba yao ya Kibomet, na kwa miaka mitano hiyo mumewe, Mwalimu Gicheru, alikipita chumba hicho kama mtu anavyopita choo cha jirani. Mara mojamoja alichungulia na kusema, "Mama Wahu, bado unachezea mabati yako?" Naye alijibu, "Bado." Mambo yakaishia hapo.

Nyaruai alizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni ya Kitale, ambako baba yake, Mzee Ndung'u, alikuwa mtu wa kubadili njia za treni. Tangu utotoni aliweza kutofautisha behewa la mahindi na behewa la mafuta kwa mlio tu, akiwa kitandani. Mzee alipofariki mwaka wa 1982, ndugu zake wa kiume waligawana shamba na ng'ombe, yeye akaachiwa sanduku la vyuma: koleo, tupa, msumeno mdogo na pasi ya kulehemu. Siku moja akajaribu kutengeneza gurudumu. Likatoka bovu. La kumi na moja ndilo lililozunguka sawasawa, na kufikia hapo hakuweza tena kuacha.

Magurudumu aliyaunda kwa sarafu za kikoloni zenye tundu katikati, ambazo dukani hazikuchukuliwa tena: senti tano nyuma, senti moja mbele, zimelehemiwa pamoja, ile kubwa ikiwa ukingo wa kuzuia gurudumu lisiruke. Reli zilikuwa waya wa ua ulionyooshwa na kupigiliwa juu ya mataruma ya vijiti. Injini ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wenye mota ya redio kaseti iliyokufa, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari ukapita kwenye reli zenyewe.

Lakini wachache walioiona hawakuduwazwa na injini. Waliduwazwa na yale madogo. Mabati ya paa la stesheni aliyakunja kwa meno ya kitana, mkunjo mmoja mmoja. Magunia ya mahindi, yasiyozidi ukucha wa kidole gumba, aliyashona kwa mkono akayajaza punje za wimbi. Miti ilikuwa nyuzi za mkonge zilizochovywa rangi, na udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokaushwa juani. Mlima Elgon ulisimama nyuma, umefinyangwa kwa magazeti na uji wa ngano; aliupaka rangi mara tatu kabla haujafanana na ule auonao akifungua dirisha asubuhi. Reli yote ilikaa juu ya mbao nne zilizoungwa kwa bolti, maana chumba kilikuwa na mlango mwembamba na alijua ipo siku itabidi itoke.

Ilitoka kwa njia ambayo hakuitarajia.

Mapema mwaka wa 1988 mkaguzi wa shule, Bwana Walubengo, mzaliwa wa Bungoma, alipita kwa Gicheru, aliyekuwa mwalimu mkuu, kunywa chai. Nyaruai alikuwa jikoni. Mgeni akiutafuta mlango wa msala alifungua mlango usio wake, akaikuta reli.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "hii ni akili. Hii ni jiografia na sayansi pamoja. Umeifanya lini?"

"Tunajaribu, bwana," Gicheru akajibu.

Nyaruai alilisikia lile "tunajaribu" akiwa na birika mkononi. Akadhani na yeye yumo ndani yake. Akaenda kumimina chai.

Miezi mitatu baadaye barua ikaja: kutakuwa na maonyesho ya vifaa vya kufundishia Bungoma, katika ukumbi mmoja upande wa Kanduyi, na reli ile inaombwa. Gicheru alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya kupewa ukuu wa shule. Nyaruai naye alifurahi. Alimfundisha mumewe kuunga mbao, akamwonyesha mahali waya unapoingia chini ya stesheni, akamwonya kwamba waya huo ni mtundu. Gicheru aliitikia kwa kichwa huku akitafuta tai.

"Na mimi nitapanda wapi?" Nyaruai akauliza asubuhi lori la shule lilipokuja.

"Hakuna nafasi, Mama Wahu. Na nani atabaki na nyumba? Nitawaambia habari zako."

Alibaki. Lakini kesho yake jirani yake Jepkosgei, mama wa maziwa aliyeendesha pikapu yake mwenyewe, alikuwa anashuka Bungoma kutafuta spea. "Panda twende," akamwambia. "Wewe umejenga kitu miaka mitano, halafu siku ya kuonwa unalinda kuku?" Nyaruai akavaa gauni la kanisani. Kwenye mkoba akatia spana namba kumi, kwa kuwa alimjua mumewe: bolti lazima hakuzikaza.

Ukumbi ulijaa walimu. Meza ya reli ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi. Nyaruai alisukumana taratibu mpaka akaiona kadi. Ilikuwa ya karatasi ngumu, imeandikwa kwa kalamu nene, na mwandiko aliujua vizuri kwa kuwa ndio ulioandika barua za uchumba wao. RELI YA KITALE. IMEBUNIWA NA KUJENGWA NA BW. J. GICHERU, MWALIMU MKUU.

Aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alidhani amekosea meza. Mara ya tatu masikio yake yalikuwa yanavuma, na kidole alichowahi kuchoma kwa pasi ya kulehemu, cha shahada, kilikuwa kinapigapiga kana kwamba kimeungua leo.

Gicheru, ndani ya koti, alikuwa anafundisha kwa fimbo. "Mkono huu wa ishara ukilala hivi, treni inaruhusiwa kupita. Ukiinama, inasimama."

Ilikuwa kinyume. Mtoto yeyote wa landhi angejua ni kinyume. Baba yake Nyaruai aliushika mkono wa namna hiyo miaka ishirini na sita bila kuua mtu, na sasa mtu aliyevaa shati alilolipiga pasi yeye alikuwa anagonganisha treni mbele ya walimu wa wilaya nzima.

Kisha injini ikafika karibu na stesheni, ikakwama. Gicheru akaisukuma kwa kidole. Ikaenda inchi moja, ikakwama tena.

"Mwalimu, imechoka?" Walubengo akauliza, na watu wakacheka.

Nyaruai alijua ni ule waya mtundu. Akapita mbele, akapiga magoti na gauni lake la kanisani, akaingiza mkono chini ya ubao na kuuchomeka waya. Treni ikaondoka. Watu wakapiga makofi, na makofi yale wakampigia Gicheru.

"Na huyu mama ni nani?" Walubengo akauliza.

Gicheru alikuwa amemwona tayari. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi mahali pake. Bado alikuwa na nafasi. Nyaruai baadaye alisema hivyo kila mara, kwamba alimpa nafasi, alimtazama machoni na kumngoja.

"Huyu ni mama watoto," Gicheru akasema, akitabasamu kwa wageni. "Huwa ananisaidia kupanguza vumbi."

Nyaruai akafungua mkoba. Akatoa spana. Kwanza alichomoa waya wa betri, treni ikasimama katikati ya daraja dogo la vijiti. Kisha akainama na kuanza kufungua bolti ya kwanza.

"Mama Wahu," Gicheru akanong'ona, "unafanya nini?"

"Napanguza vumbi."

"Acha. Watu wanatuangalia."

"Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Bolti ya kwanza ikatoka, akaiweka kwenye mfuko wa gauni. Walubengo akasogea, mikono mbele kama anayetuliza ng'ombe. "Mama, haya ni maonyesho, bana. Tusiharibu kazi ya mtu."

"Siharibu, bwana mkaguzi. Nafungua nilichofunga." Hakupandisha sauti, na kwa kutopandisha sauti ukumbi mzima ulinyamaza ili usikie. "Muulize mwalimu magurudumu haya ni ya nini."

Walubengo akamgeukia Gicheru. Gicheru akaangalia fimbo yake. "Ni bati," akasema. "Bati tu, limekatwa."

Nyaruai akachukua behewa moja akaligeuza matumbo juu, akampa mkaguzi mkononi. Walubengo akavua miwani, akaisogeza sarafu machoni, akasoma. Walimu wawili wakainama kusoma naye.

"Senti moja," akasema mkaguzi polepole. "Mwalimu?"

"Mali ya mume na mke ni moja," Gicheru akasema.

Na hapo ndipo Nyaruai alipoona jambo lililomkasirisha kuliko kadi, kuliko vumbi: wanaume kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema hata, "Hiyo ni kweli, ni kitu kimoja." Mwalimu mmoja wa kike aliyesimama nyuma akajibu kabla Nyaruai hajafungua kinywa, "Basi vyeti vyenu navyo viandikwe majina yetu." Wanaume wakaangalia dari.

Nyaruai akafungua bolti zote kumi na mbili. Hakuna aliyemgusa. Jepkosgei aliingia kuona kilichomchelewesha rafiki yake, akakuta mbao ziko chini. Alishika upande mmoja wa Mlima Elgon, Nyaruai akashika wa pili, wakaubeba hadi kwenye pikapu na kuufunga kwa kamba, pamoja na mbao nyingine, katikati ya mitungi ya maziwa. Njia nzima hadi Kimilili Nyaruai alikuwa akihesabu bolti mfukoni. Walipoanza kupita mashamba ya mahindi ndipo akalia, kwa hasira tupu, akipiga paja lake kwa ngumi, na Jepkosgei akaendelea kuendesha.

Reli haikurudi nyumbani. Aliiweka katika stoo ya Jepkosgei.

Gicheru alifika jioni kwa matatu. Hakuketi. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Nguo ulizokuwa umevaa zilikuwa zangu."

"Ni kadi tu. Ati kwa sababu ya kadi? Wewe si mwalimu, Mama Wahu. Jina lako pale lingekusaidia nini?"

"Sijui," Nyaruai akasema. "Hicho ndicho nilitaka kujua, Gicheru, na wewe ukaninyima." Kwa miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina hilo tupu. Wote wawili walilisikia.

Wiki ya pili wakaja akina mama watatu wa kanisani, wametumwa. Wakasema mwanamke ndiye hujenga nyumba kwa uvumilivu. Nyaruai aliwapa chai na mandazi, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Alisema uongo mbele ya watu. Aseme ukweli mbele ya watu. Mimi sihitaji kuombwa msamaha jikoni." Wakanywa chai wakaenda, na mmoja wao alipofika langoni alirudi kumshika mkono.

Alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Alimwita mumewe "Mwalimu," kama mwanafunzi, na Gicheru aliona afadhali angetukanwa. Kupandishwa cheo alikokuwa amenong'onezewa hakukuja. Jambo hilo Nyaruai hakulifurahia wala kulisikitikia.

Mwaka uliofuata Walubengo alikuja tena Kibomet. Gicheru alimfungulia mlango, akaanza kusafisha koo kwa mazungumzo ya shule, lakini mkaguzi akasema, "Leo nimekuja kwa mama." Ikabidi Gicheru aende jikoni kumwita mkewe. Walubengo akatoa kwenye bahasha kadi tupu ya karatasi ngumu na kalamu nene.

"Maonyesho ya Kitale," akasema. "Andika mwenyewe, mama. Siku ile nilipaswa kuuliza kabla ya kupiga makofi."

Nyaruai akaandika: NYARUAI NDUNG'U, MZALIWA WA LANDHI, KITALE. Gicheru alisimama mlangoni akasoma kwa mbali. Jina lake halikuwemo popote.

Siku ya maonyesho foleni ilizunguka hema. Wakulima, wanafunzi, wazee waliowahi kufanya kazi ya reli, mmoja wao akicheka na kufuta machozi alipoona choo cha stesheni kimewekwa hasa kilipokuwa. Saa nane hivi Nyaruai aliinua kichwa akamwona mumewe kwenye foleni, kofia mkononi, nyuma ya familia iliyotoka Kimilili. Hakupita mbele. Alingoja zamu yake.

Ilipofika, alisimama mbele ya meza. Baadhi ya walimu wa Bungoma walikuwa hapo.

"Mimi ni Gicheru," akasema. "Kule Bungoma nilisema hii ni kazi yangu. Haikuwa."

"Walio nyuma hawajasikia," Nyaruai akasema.

Gicheru akageuka akawakabili watu, kama anavyowakabili wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi, akarudia kwa sauti, neno kwa neno, na kuongeza: "Sikupigilia hata msumari mmoja. Ni yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyaruai alimtazama, akatafuta ndani yake ile hasira, akaikuta bado ipo, imepungua lakini ipo, imekaa kama jivu lenye moto chini. Alikuwa amefikiri ukweli ukisemwa itatoka yote mara moja. Akatikisa kichwa kumwonyesha amesikia.

Mama mmoja katika ile familia ya Kimilili akanyoosha kidole. "Na haya magunia, dada, unayashonaje madogo hivi?"

Nyaruai akamgeukia, akachukua gunia moja na kuanza kumwonyesha mshono, na Gicheru akasogea pembeni kuwapisha wengine.

Mwezi uliofuata reli ilirudi katika chumba cha pembeni. Watu wa Kibomet wakasema Mama Wahu amesamehe. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.