Baba wa Picha ya Saba

Sijawahi kuiba ng'ombe, wala hata kuni. Nilichoiba mwaka 1958 kilikuwa jina la mtu, na nililiiba kwa adabu kabisa, nikiwa nimefunga tai.

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika ofisi moja ya mifugo Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na mashine ya picha kutoka Subukia mpaka Gilgil, nikiwafundisha watu namna ya kutunza ng'ombe. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la bati lenye karabai tumboni. Ukipachika slaidi ya kioo, picha inatokea kwenye shuka ukutani, na wazee waliokuwa wakisinzia wanaamka wote. Nilipenda sana saa ile. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na nilipenda kusikilizwa.

Mkubwa wangu, Bwana Tilney, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko chai. Chini ya kila slaidi lazima iandikwe ilikotoka: kitabu gani, shamba la nani, nani aliyesema. Akikuta moja iliyo tupu, aliichomoa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Hii picha baba yake nani?" Usipokuwa na jibu, picha haitoki ofisini.

Mwaka huo ilitangazwa nafasi moja ya kwenda chuo cha mifugo kwa miaka miwili. Tulioitaka tulikuwa sita. Bwana Tilney alisema ataipeleka kwa yule atakayemletea somo jipya, jambo ambalo halimo katika vitabu vyake. Sasa, jambo jipya mimi nilikuwa nalo. Shida ni kwamba halikuwa langu.

Lilikuwa la mama mkwe. Yeye alikaa Kabazi, kwenye shamba la Mzungu mmoja aliyelima pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, na marehemu mumewe alikuwa amefanya kazi humo miaka mingi. Banda la kukaushia maua likifagiwa, lile vumbi la sakafuni hakuna aliyelitaka, na mama akaruhusiwa kulichukua. Alilikoroga na mafuta ya kondoo, akawapaka ndama ndani ya masikio, kule kupe wanakojificha. Majirani walizika ndama kila masika kwa homa ya kupe. Yeye katika miaka mitatu hakuzika hata mmoja.

Haya yote niliambiwa na mke wangu, Jerop. Mimi na mama yake hatukuzungumza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hukwepana. Huketi naye, huli naye, na jina lake hulitii mdomoni hata ukiamshwa na moto. Nilipokwenda Kabazi na kamera ya ofisi, alimshika ndama akanipa mgongo, nami nikapiga picha huku nikitazama pembeni. Katika ile picha, ambayo ilikuwa ya saba, linaonekana sikio la ndama na mikono miwili ya mama. Uso haumo.

Jerop alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani yeyote wa ofisi yetu, kwa hiyo ndiye aliyeniandikia maneno chini ya slaidi, kwa wino mweusi na kalamu nyembamba. Jioni moja alifika kwenye ya saba akasimamisha kalamu.

"Hapa niandike nani?"

"Andika Ofisi ya Mifugo."

"Ofisi ilikuwa wapi mama akikoroga mafuta?"

"Jerop, unajua siwezi kumtaja mama."

"Huwezi na mdomo. Mimi ni mtoto wake, mkono wangu unaweza."

"Nikiulizwa mbele ya watu nitasoma nini? Unataka nimvunjie heshima?"

Alinitazama kwa muda. Mwanamke akikutazama hivyo, afadhali akutukane. "Kama ni heshima," alisema, "nitume kwake nikamuulize kama anakubali aandikwe. Ni siku moja tu kwenda na kurudi."

Nikamwambia hakuna wakati. Wakati ulikuwepo. Nilikuwa na siku tisa nzima, lakini nilikuwa nimekwisha kujiona katika koti jeupe la chuo, na sikutaka bwana yeyote aseme kwamba Naftaly amepata nafasi kwa kumnakili kikongwe wa Kabazi. Ile mila ya kutomtaja mkwe ilinijia kama mwavuli wakati wa mvua. Jerop aliandika "Ofisi ya Mifugo, Nakuru", akafunika kidau cha wino, akaenda kumlaza mtoto wetu Kibet bila kuniaga.

Nililionyesha somo langu karibu na Kikopey, upande wa Gilgil, katika chumba cha shule kilichozibwa madirisha kwa mablanketi saa nane mchana. Bwana Tilney alikaa nyuma. Ilipotokea picha ya saba watu walinong'ona. Nikaeleza mafuta, nikaeleza vumbi la pareto, nikasema, "Mnapaka mara moja kwa mwezi."

Hapo ndipo pa kujilaumu. Jerop aliniambia mama hukoroga kopo jipya kila mwezi. Hakuniambia hupaka mara ngapi, kwa kuwa sikumuuliza, na mwenyewe wa kuulizwa nilikuwa nimemgeuza ofisi. Nilijazia tu pengo, na kwa sauti ya mtu anayejua.

Mzee mmoja mfupi, Mathenge, aliinua mkono. "Kijana, hiyo dawa nani ameijaribu?"

"Ofisi, mzee."

"Basi kama ni ofisi, sawa," akasema, na kichwa chake kikakubali.

Bwana Tilney alinipa mkono mbele ya watu wote. Wiki ile ile nikaambiwa nafasi ni yangu, na nikaenda kupimwa koti kwa fundi wa Kihindi.

Miezi miwili baadaye, nikiwa nimebakisha siku kumi na mbili kuondoka, Mzee Mathenge aliingia ofisini. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuweza kutoka Gilgil kuja Nakuru kwa kuamka tu na kuvaa kofia. Alikuwa amezungushwa siku nne kutafuta pasi ya kusafiria. Aliiweka kwanza ile pasi mezani, kisha akaweka karibu yake kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikifungua. Lilikuwa sikio la ndama, limejaa kupe walionona.

"Watatu wamekufa," alisema. "Nilipaka kama picha ilivyosema. Mwezi wa kwanza nikapaka, mwezi wa pili nikapaka. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza nimekosea wapi. Nipeleke kwa yule wa ofisi aliyeanza hii dawa."

Hapakuwa na mtu wa kumpeleka kwake. Nililiona hilo mara moja. Mtu amepigania pasi siku nne, amebeba sikio la ndama wake hadi mjini, akidhani nyuma ya yale maneno manne ya Jerop kuna mtu aliyeketi, anayejua. Nami nilijua nyuma yake kuna ukuta.

Bwana Tilney alikuwa amesikia kutoka chumba cha ndani. Alikwenda kabatini, akaleta slaidi ya saba, akaiinua dirishani. Alisoma ile mistari chini. Alinigeukia polepole.

"Naftaly. Mimi ni ofisi. Mimi hapana jua hii dawa. Hii picha baba yake nani?"

Nilijua majibu mawili, na yote yalikuwa machafu. La kwanza ni kunyamaza, na Mathenge arudi Gilgil bila jibu, na wale ndama aliobaki nao wafuate wenzao. La pili ni kumtaja mama. Lakini fikiria: siku ya kupeana mikono nilikuwa nimelificha jina lake chini ya adabu, halafu leo, sikio likinuka mezani, ndipo nilitoe! Mwanamke yule angeingia katika ofisi ile kwa mara ya kwanza kama aliyeua ndama. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na mimi yangu yalikuwa nje mchana kweupe.

Niliona aibu. Sijui neno jingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Dawa ni nzuri, Bwana," nikasema. "Kosa ni langu. Sikuuliza hupakwa mara ngapi, nikasema la kichwani mwangu. Na dawa si ya ofisi, wala si yangu. Ni ya mama mkwe wangu, Kabazi." Nikalegeza tai. "Anaitwa Chepkemboi."

Mzee Mathenge aliinamisha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa. Kwao pia mkwe hatajwi ovyo. Alielewa nimefanya nini. Bwana Tilney hakuelewa. Yeye alichukua penseli na kuniuliza jina hilo linaandikwaje, nami nikalazimika kulitamka tena, silabi moja moja, akiandika.

Nafasi ya chuo alipewa mwenzangu Obura. Bwana Tilney hakunifukuza. Alisema tu nitampeleka mzee mwenyewe, kwa gari la ofisi, mpaka kwa mwenye dawa. Jerop alikuja nasi. Njiani nilimweleza yote. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema, "Mama atajua ulimtaja."

Jerop na mzee waliingia uani. Mimi nilibaki nje ya ua, mgongo nimeupa nyumba, kama inavyotakiwa. Nilisikia Jerop akieleza kwa lugha yetu, kisha akimtafsiria mzee kwa Kiswahili. Nilisikia mama akicheka kidogo aliposikia "mara moja kwa mwezi". Kila siku ya tatu, alisema. Na mkono uingie mpaka ndani kabisa, kupe wa homa hakai mlangoni. Mathenge aliuliza maswali mengi, na kila moja lilipata jibu. Swali aliloniuliza mimi lilikuwa moja tu, na nilimdanganya.

Kisha mama akauliza, "Wamekufa wangapi?"

"Watatu," mzee akajibu.

Nilisikia kijiti cha mlango wa zizi kikivutwa.

"Mwambie achukue huyu ndama jike," mama akamwambia Jerop. "Nimesikia jina langu limetajwa huko Nakuru juu ya dawa hii. Basi wanaokuja kuuliza, nitawajibu mimi."

"Mama, dawa haikuwa na kosa," Jerop akasema. "Kosa ni la Baba Kibet. Amekubali mwenyewe."

"Najua ni la nani. Mpe mzee kamba."

Nilitaka kugeuka. Nilitaka kupiga kelele kwamba asitoe, kwamba nitalipa mimi, hata kwa mshahara wa mwaka mzima. Mama alikuwa na ndama wanne tu. Lakini kwetu mtu hamwiti mama mkwe wake kutoka nje ya ua, na mara hii sikuwa najificha. Adabu ilikuwa imenifunga kweli, mikono na mdomo. Mzee Mathenge alitoka akimvuta yule ndama, akanipita bila kunitazama, na mimi nikamfungulia mlango wa gari.