Kiuno cha Mzimu wa Tatu

Miaka kumi na moja mizimu yote ya uwanja wetu wa mbele ilikuwa mimi. Kila Oktoba mume wangu Curtis hunisimamisha gereji, akanizungushia nailoni ya jikoni kuanzia shingoni mpaka mapajani, juu yake selotepu pana tabaka tatu, kisha akapasua mgongoni kwa mkasi nikatoka. Akishaunga ule mpasuko, hubaki kiwiliwili changu kitupu kinachopitisha mwanga. Tunakiwekea taa ndani, tunakining'iniza mtini, na watoto wanaopita usiku wa Halowini, sikukuu ya kutishana, wanapiga mayowe. Nusu ya mji wetu hapa Ohio inakijua kitambi changu, na sijawahi kulalamika.

Mwaka huu akaniambia, "Noreen, we pumzika. Magoti yako hayo. Mzimu mpya nitautengeneza mwenyewe."

Huyu ni mwanamume ambaye kwa miaka ishirini hajawahi kuyajulia hali magoti yangu. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Alhamisi niliingia gereji kutafuta reki ya majani. Mizimu miwili ya zamani ilikuwa mezani. Wa tatu ulikuwa umefichwa nyuma ya friza, umefunikwa turubai. Nikaufunua. Ulikuwa umbo la mwanamke, jembamba la kutia wivu, na wivu ukanishika kwelikweli. Mtu hafungwi selotepu na upepo. Lazima asimame pale saa nzima, mikono juu, anatekenyeka na kucheka, huku mume wangu akimzunguka.

Curtis mwenyewe alikuwa nje ya mlango wa nyuma, yuko kwenye simu. "Jumatano saa kumi ni sawa," nilimsikia akisema kwa sauti ya chini. "Hapana, mke wangu hajui bado. Nitamwambia mwenyewe."

Hasira ilinipanda. Nikakata uzi wa sufu sawasawa na kiuno cha ule mzimu, nikautia mfukoni, nikarudisha turubai kama nilivyolikuta.

Kwa akili zangu, mwembamba wa mtaa huu alikuwa mmoja tu: Shelby wa ng'ambo ya barabara, aliyeachana na mumewe majira ya joto. Kila asubuhi hupita mbio na suruali ya kubana, na kila akipita Curtis humpungia mkono. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi asubuhi nikavuka barabara na pai ya boga mkononi.

"Shoga, nataka kukushonea joho la mchawi la Halowini," nikamwambia. "Hebu simama nikupime."

"Mimi? Kuna nini?"

"Kwani nimewahi kukufanyia ubaya?"

"Hujawahi kunifanyia chochote, Noreen. Ndiyo maana nashangaa."

Akainua mikono hata hivyo. Nikamzungushia uzi, ncha hazikukutana. Palikosekana upana wa kiganja kizima. Nikavuta.

"Dada, unanipima au unaninyonga?"

"Umenenepa wiki hii?"

"Angekuwa mtu mwingine angetoka humu na pai yake kichwani," alisema. "Mwili wangu ni huuhuu tangu chuo."

Nikamwachia pai, nikarudi nyumbani na aibu yangu. Njiani niliwapitisha kichwani wanawake wote ninaowajua, kanisani, kazini kwa Curtis, mpaka binamu zake. Hakuna ambaye uzi ule ungemtosha. Basi nikaamua kama simjui, nitaukatakata mzimu wake hivyohivyo.

Niliingia gereji, nikatoa turubai, nikaushika mzimu begani kwa mkono wa kushoto, mkasi kulia. Kidole kikagusa kinundu kwenye mfupa wa mtulinga. Selotepu huchukua kila umbo la mwili. Na kinundu kile nakijua. Binti yetu Maren alianguka na baiskeli akiwa na miaka tisa, mfupa ukaunga vibaya, na mimi ndiye niliyekaa naye wiki mbili nikimwekea barafu. Sasa ana miaka kumi na sita. Chini ya kinundu, mbavu zilihesabika moja moja.

Curtis alinikuta nimekaa sakafuni.

"Aliomba mwenyewe," alisema. "Alitaka wewe upumzike. Alipovua lile sweta lake kubwa akabaki na fulana, ndipo nikaona. Sikujua la kufanya, nikaendelea tu kumfunga."

"Ukanyamaza."

"Alilia, Noreen. Aliniapisha. Nimemtafutia daktari, Jumatano. Nilitaka nikwambie leo."

"Siku zote hizi unanificha mwanangu."

"Na wewe unakaa naye meza moja kila jioni."

Ni kweli. Kila jioni Maren alisema ameshakula shuleni, na mimi niliyejifanya mpelelezi wa mtaa mzima nilimwamini, nikamwondolea sahani.

Nilipanda ghorofani. Alikuwa kitandani, amejikunyata ndani ya sweta lake na blanketi juu yake, na chumba kina joto.

"Baba amekwambia," alisema.

"Hapana. Nimekuona mwenyewe."

"Utanigombeza?"

"Sogea huku, mama."

Alikakamaa kwanza, kisha akajiachia. Mikono yangu ilimzunguka ikapitiliza, kila kiganja kikashika kiwiko cha mkono mwingine, na bado palikuwa na nafasi. Kiuno nilichokionea wivu, nikatoka na uzi kukitafuta kwa majirani, kilikuwa hiki. Nilitaka kumbana kwa nguvu zangu zote, nikaogopa.