Seva Inayojibu Bipu

Naitwa Jaël, na seva ya simu ya ofisi yetu ya afya hapa Panda niliisimika mwenyewe. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani najificha. Kuanzia nyaya za ukutani mpaka mstari wa mwisho wa faili ya mipangilio, kila kitu ni kazi yangu, na nilikuwa naisifu mpaka majirani wakachoka kunisikiliza. Kwa hiyo Alhamisi ile, Symphorien alipofika kutoka Lubumbashi na karatasi yake ya kuifunga, sikutetemeka. Nilikasirika tu.

Kazi ya seva hiyo ni moja. Kandokando ya ziwa Tshangalele kuna wakunga ishirini na saba, na wote wanategemea pikipiki mbili zenye kitanda cha kubebea mgonjwa. Mkunga akiwa na mama aliyezidiwa, anapiga namba fupi, seva inapokea, inamtafuta dereva, dereva anaondoka. Namba yenyewe ni ya bure. Tulibandika matangazo hadi kwenye milango ya makanisa.

Symphorien ni mkaguzi wa wale wanaotugharamia. Ni mtu mpole, shati lake halina hata mkunjo mmoja, na upole wake ulinichosha tangu alipokaa. Alikataa chai, akavaa miwani, akasoma: kwa miezi mitatu, simu zilizopokelewa ni thelathini na moja.

"Jaël, seva yako iko muzuri sana," akasema. "Mais bantu habaitaki. Saa tisa minye narudia Lubumbashi, nitasign, line inafungwa. Moto zile mbili zitaenda zone ingine." Moto kwetu ni pikipiki.

"Hakuna kitu kitafungwa hapa, Chef," nikamwambia. "Sogeza kiti, uone."

Nikamwonyesha. Laini za mitandao yote zimeunganishwa. Betri za jua zimejaa, kwa hiyo hata umeme ukikatika sisi hatuna habari. Nikachukua simu yangu, nikapiga namba fupi. Kwenye mlio wa pili sauti nzuri ya mwanamke ikaniambia kwa Kifaransa nibonyeze moja kama ni dharura. Nikabonyeza. Rolly, dereva aliye kule ziwani, akapokea upesi mno, kama aliyekuwa ameikalia simu.

"Allô! Allô! Iko muntu?" akauliza kwa furaha.

"Ni test tu, Rolly."

"Aah," akasema, na nikasikia ndoo. Amerudi kuosha pikipiki. Kwa miezi mitatu ameiosha mpaka rangi inaanza kutoka.

"Unaona?" akasema Symphorien. "Machine haina mubaya. Ni bantu banakataa."

Hapo ndipo nilipofungua rundo la pili, lile la simu zilizoshindwa. Nilikuwa nimeiagiza seva iziweke kando na kuzihesabu kama kelele, kwa sababu mimi napenda kumbukumbu safi. Zilikuwa elfu mbili mia tisa na nne. Nikashuka nazo kwenye skrini. Kila moja ilidumu mlio mmoja, na kila moja ilikatwa na mpigaji mwenyewe. Tena zilikuja mbilimbili, tatutatu, kutoka namba zilezile.

Wakati huo Mama Alphonsine alikuwa ameingia na daftari la stoo ili nimtilie saini. Kabla ya seva kuja, seva ilikuwa ni yeye. Kwa miaka minane alitembea na kasimu ka vibonyezo ndani ya kitenge chake, na wakunga wote walimjua. Nilipomaliza kuisimika mashine yangu, kasimu kale kakafungiwa kwenye droo, naye akapewa ufunguo wa stoo ya vyandarua na sabuni. Alisimama nyuma yangu, akasoma skrini bila kuombwa.

"Ile yenye kuisha na sita-mbili ni ya Jenny wa Kalembwe," akasema. "Alibipu mbili. Alikuwa anaomba moto ya Rolly."

"Umejuaje, mama?"

"Bip moja ni salama, mama na mutoto biko muzuri. Bip mbili ni kutuma moto. Tatu ni moto pamoja na infirmière, damu iko inatoka." Alisema hayo bila haraka, vile mtu anavyotaja siku za wiki. "Na minye nilikuwa narudisha bip moja, kusema nimesikia. Vile kwa miaka munane."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambiaka. Siku ya kwanza. Nilisema, Jaël, bale bamama habasemi mu simu, banabipu. Weye ukanijibu: mama, machine inajua."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo hasa, tena nikiwa nimempa mgongo, bisibisi mkononi. Uso ulinichoma.

Maana ukifikiri, wale wanawake walikuwa na akili kuliko mimi. Matangazo yanasema bure, lakini namba ngapi za bure zimeshawalia salio? Isitoshe, ng'ambo ile ya ziwa mtandao ni mwembamba. Mtu anapanda juu ya kichuguu na bado sauti inakatikakatika. Mlio mmoja, lakini, unapita. Na mkunga mwenye mikono yenye damu atasikilizaje Kifaransa na kubonyeza moja? Mimi niliwajengea mashine ya kupokea maneno, na wao hawakuwa wanatuma maneno.

Nikaendelea kushuka, na hapo nikaona namba moja ya Jumatatu, siku tatu tu zilizopita. Bipu tatu. Kimya. Bipu tatu tena. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana ilibipu tatutatu mara kumi na tisa. Baada ya hapo, hakuna kitu.

"Huyu ni nani?"

Mama Alphonsine alisogeza uso karibu na skrini. "Eugénie. Mukunga wa kule mwisho ya lac."

"Na mama aliyekuwa naye?"

"Hatujue."

Nikapiga namba ile papo hapo. Haipatikani. Nikampigia Mathieu, dereva wa pili, nikamwambia aende na muuguzi. Akaondoka saa tano, lakini njia ya kule ni mwendo wa saa nne na zaidi, na kwenyewe hakuna mtandao mpaka mtu apande kichuguu. Kabla ya saa tisa hatungesikia kitu kutoka kwake. Nilikaa mbele ya kibodi na wazo moja tu kichwani: Jumatatu mtu aliniita mara kumi na tisa, na mimi nikamwandika kelele.

Nikamgeukia Symphorien. "Chef, hizi elfu mbili mia tisa na nne ni simu. Nipe mpaka saa tisa niifundishe seva kuzijibu."

Akatikisa kichwa. "Bip haiko simu. Norme inasema, appel ni ile yenye kupokelewa. Nikiandika bip mu rapport, bakubwa batanicheka."

Hajamaliza, simu yake ikalia mfukoni mara moja, ikakata. Ikalia tena, ikakata. Aliitoa, akatazama, akatabasamu kidogo, akairudisha.

"Hupokei, papa?" akauliza Mama Alphonsine.

"Ni madame. Mbili ni batoto banafika ku nyumba."

Mama Alphonsine aliangalia daftari lake, mimi niliangalia dari. Symphorien alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Bon," akasema. "Fanya. Mais saa tisa ni saa tisa."

Sasa, kazi hiyo naijua, na siioni aibu kusema kwamba naijua vizuri. Nilifungua faili ya mipangilio nikaanza. Kwanza, seva isipokee mapema: ingoje milio minne, ili mwenye kidole kizito asinaswe kabla hajakata. Pili, mpigaji akikata, isitupe. Itazame kama namba imo katika orodha ya wakunga, ianze kuhesabu. Moja, iandike salama. Mbili, impigie dereva wa karibu na imtumie ujumbe wenye jina la kijiji. Tatu, dereva na muuguzi pamoja. Na kwa vyovyote, irudishe bipu moja.

Swali lilikuwa: ingoje muda gani ndipo ijue hesabu imekwisha? Nikamuuliza mwenye kazi, kama nilivyopaswa kufanya miezi mitatu kabla.

"Kisha bip, nilikuwa nasali Salamu Maria tatu," akasema. "Kama hailii tena, basi, imeisha."

"Tatu za haraka?"

"Za kawaida. Minye sikimbizaki Bikira."

Nikawasha saa ya kupimia kwenye simu, akasali hapo hapo, amesimama, daftari kifuani. Sekunde hamsini na mbili. Nikataka kuandika sitini, namba kamili inayopendeza macho.

"Sitini ni mingi," akasema. "Muntu iko anatoka damu."

Nikaandika hamsini na mbili.

Nikaiamuru seva isome mipangilio upya. Mara ya kwanza nilikosea alama moja, na Rolly akapigiwa simu mara sita mfululizo. Kila mara alipokea kwa furaha ileile. Nikasahihisha. Tukaingiza namba ya Symphorien kwenye orodha kwa majaribio, akabipu mara moja, akiwa amenyoosha mkono mbali kama anayewasha fataki. Sekunde hamsini na mbili zikapita, skrini ikaandika moja, salama, na simu yake ikalia mlio mmoja mkononi mwake.

"Imejibu," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ikafika saa saba na nusu. Tukangoja. Skrini haikuandika kitu. Saa nane. Bado.

"Banachoka," akasema Mama Alphonsine. "Nani atabipu muntu hajibu? Anza weye."

Alikuwa na haki. Nikaandika amri moja: seva ibipu namba zote ishirini na saba, mara moja moja, kusema nimesikia. Nikabonyeza. Kwa dakika nzima tulikuwa tunasikia feni ya mashine tu. Halafu mstari ukatokea. Bipu moja. Mwingine chini yake, moja. Wa tatu, wa nne, wa saba, skrini ikaanza kupanda yenyewe, na Mama Alphonsine akawa anawataja majina mmoja mmoja na kuwajibu kwa mdomo kana kwamba wako chumbani. "Eeh, mama. Eeh, minye niko. Eeh." Namba ya Eugénie peke yake seva iliandika kwamba haipatikani, na itaijaribu tena kila dakika kumi.

Saa nane na dakika ishirini, sita-mbili ikalia. Moja. Kabla ya sekunde kumi ikalia tena.

"Jenny," akasema Mama Alphonsine. Midomo yake ikaanza kusali. Bipu ya tatu haikuja. Seva ikampigia Rolly yenyewe, bila mkono wa mtu, na sauti yake ikajaa kwenye spika: "Kalembwe! Nimeiona, natoka!" Tukasikia injini ikiwaka, safi, pikipiki iliyooshwa kwa miezi mitatu.

Symphorien aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Line inabakia," akasema. "Nitaandika zile elfu mbili mia tisa na nne ni simu."

"Zote?"

"Zote. Na nitaandika hatukuzijibu."

Iliniuma, lakini alikuwa na haki. "Andika, Chef," nikasema. "Andika na jina langu."

Saa tisa ikafika. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwake, dereva wake alikuwa ameshapiga honi mara mbili, naye hakutoka. Alisema anataka kuona kama betri zinakaa, na sisi hatukumwuliza betri zipi.

Saa tisa na dakika saba namba ya Eugénie ikapatikana. Seva ikaibipu. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha mstari ukatokea: bipu moja.

Moja ni salama. Lakini mbili huanza na moja, na tatu huanza na moja, na ni mimi niliyeandika kwamba lazima tungoje.

Mama Alphonsine akaanza Salamu Maria ya kwanza, kwa sauti safari hii. Symphorien akavua miwani. Aliingia katika ya pili, mwendo wake uleule, hakukimbiza hata neno moja, na mimi ambaye sisali sana nikajikuta namfuata. Usilie, niliiambia ile namba moyoni. Tafadhali usilie tena. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko siku nzima.

"Amina," akasema.

Skrini ikaandika: Eugénie, moja, salama. Na seva, kama alivyofanya Mama Alphonsine kwa miaka minane, ikamrudishia bipu moja.

Nililia, tena kwa sauti, mbele ya mkaguzi. Mama Alphonsine aliniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

"Mutoto iko," akasema. "Na mama yake iko."

Nikafungua droo, nikamrudishia kasimu kake.