Vichupa Thelathini na Vinne

Benchi la nje ya mlango namba kumi na mbili lilikuwa la chuma, na Karani alikuwa amelikalia tangu ofisi hazijafunguliwa. Mfagizi alipopita mara ya kwanza alimwambia asiegemee ukuta, rangi bado mbichi. Mara ya pili alimwambia anyanyue miguu. Mara ya tatu hakumwambia kitu, alifagia tu kumzunguka, kama mtu anavyofagia kuzunguka mtungi.

Viatu vilikuwa vya shangazi yake. Vilimzidi, akavijaza matambara mbele, na sasa matambara yalikuwa yamelowa jasho. Mapajani alishika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake. Majina thelathini na manne, kila jina na mstari wake, na juu ya majina sentensi iliyomchukua siku mbili: *Sisi tuliotajwa hapa tunaomba damu yetu irudishwe na ripoti ifutwe.*

Karani halikuwa jina lake. Waliompa ni watu wa kwao, kwa utani, kwa kuwa katika makazi yale yote ya ukingoni mwa msitu ni yeye peke yake aliyemaliza shule ya msingi. Utani ukawa kazi. Ikija karatasi yoyote, ya chanjo, ya vyandarua, ya unga wa msaada, watu walisema, "Mpelekeeni Karani aisemeshe."

Na karatasi hizo zilikuwa zikija siku ambazo nusu ya watu wako msituni wanarina asali. Hapo kila mtu alijua la kufanya. Aliyebaki nyumbani alichovya kidole gumba kwenye wino akamwekea asiyekuwepo, maana gari la chandarua halisubiri mtu, na asiye na alama kwenye karatasi hapati. Karani alishawawekea wajomba, wifi zake, hata jirani aliyekuwa hasemi naye. Hakuna aliyewahi kulalamika. Aliyelalamika ni yule ambaye hakuwekewa.

Kwa hiyo miaka miwili nyuma, Profesa wa chuo alipokuja na magari mawili na masanduku ya baridi, mambo yalikwenda kama kawaida. Walisema wanapima malaria na upungufu wa damu. Msaidizi wa Profesa, kijana mwenye miwani na haraka zake, alimpa Karani fomu akamwambia awasomee wenzake. Karani alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Inatosha," alisema msaidizi. "Hizo nyingine ni za ofisini."

Fomu zilitakiwa zijae siku hiyo hiyo, na watu kumi na tisa walikuwa msituni.

"Sasa hawa?" Karani aliuliza.

"Si ndugu zako?"

"Ni ndugu zangu."

"Basi wawekee, dada, tusilale hapa."

Akawawekea. Kesho yake na keshokutwa walirudi mmoja mmoja, wakakunja mikono ya mashati, wakatolewa damu, wakapewa kila mtu mche wa sabuni. Mama yake Karani aliisifu ile sabuni mwezi mzima.

Mwezi uliopita walikuja watu wa idara ya misitu na barua. Karani aliisoma mbele ya watu wote. Ilisema utafiti wa chuo umeonyesha kwamba damu ya watu wa makazi yale haina tofauti na ya majirani zao, kwa hiyo hawawezi kudai kuwa wenyeji wa asili wa msitu, kwa hiyo wahame ndani ya siku tisini. Mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake, alimwambia airudie. Akairudia. Akamwambia airudie tena, polepole, kana kwamba safari ya tatu maneno yangetoka mengine.

Watu walipotawanyika, Karani alimfuata mjomba nyuma ya nyumba akamweleza habari ya vidole kumi na tisa.

Mjomba alikivuta kigoda akaketi.

"Watu wa chuo wanajua?"

"Hawajui."

"Basi nenda kawaambie. Kama watu hawakukubali, ile damu imeibwa. Na kama imeibwa, maneno waliyoyatoa humo hayafai. Nenda kawaambie, Karani. Hiyo ndiyo dawa."

Saa tano kasoro mlango ulifunguliwa, akaitwa.

Chumba kilikuwa na baridi ya mashine. Meza ndefu, chupa za maji, watu watano wa Kamati ya Maadili ya chuo, na pembeni yao Profesa, aliyemwamkia kwa tabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole.

"Karibu sana, binti. Hapa ni kwenu. Usiogope."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumesoma malalamiko mliyotuma wiki iliyopita. Tunayachukulia kwa uzito mkubwa. Wewe ni nani katika jamii yako?"

"Ni mimi niliyewasomea fomu."

"Uliwasomea zote?"

"Kurasa tatu."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja. Niliambiwa zilizobaki ni za ofisini."

Mwenyekiti alimgeukia Profesa. Profesa alikuna shingo. "Huyo kijana hayupo nasi tena," alisema. "Amepata kazi kwingine." Katibu aliandika.

Karani aliona mahali pazuri ndipo hapo. Maneno aliyafanyia mazoezi njia nzima, kwenye basi, akiangalia dirishani ili abiria wa pembeni asimwone anavyochezesha midomo.

"Mama, kuna jambo hamlijui. Watu kumi na tisa hawakuwepo siku ya fomu. Vidole vile ni vyangu. Niliwawekea mimi. Kwa hiyo hawakukubali. Hawakuulizwa. Na kama hawakukubali, naomba kilichotoka kwenye damu yao kifutwe."

Kalamu ya katibu ilisimama. Kisha ikaanza kukimbia.

Profesa aliegemea kiti, akapumua, kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichokuwa kinambana.

"Vyote kumi na tisa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Vyote."

"Kwa hiyo uliighushi ridhaa yao."

"Sikughushi, mama. Niliwawekea. Kwetu ndivyo tunavyofanya, mtu akiwa hayupo..."

"Nakuelewa. Lakini kidole cha mtu ni cha mtu."

"Msaidizi alikuwepo. Ndiye aliyenishikia wino."

"Una karatasi yoyote inayoonyesha hilo?"

Karani alitazama mfuko wake wa plastiki.

"Mama Mwenyekiti," alisema Profesa, taratibu, kwa huzuni iliyopangwa vizuri, "nadhani hili linajibu swali la ridhaa lililotusumbua tangu wiki iliyopita. Sisi tulipokea fomu tukiamini ni halali. Tumedanganywa. Simlaumu binti. Ni suala la elimu."

Wajumbe wawili walitikisa kichwa kukubali. Mmoja akasema jamii kama hizi zinahitaji kujengewa uwezo, na mwenzake akapendekeza kwamba safari nyingine wasomaji wa fomu wapewe semina ya siku mbili. Katibu akaandika semina ya siku mbili.

"Na ripoti?" Karani aliuliza.

"Ripoti ni jambo jingine, mwanangu. Ilishatoka. Iko kwenye jarida, imesomwa na watu."

"Lakini hawakukubali."

"Ndiyo. Na hilo linatusikitisha sana." Mwenyekiti alisukuma miwani yake juu ya pua. Alionekana kweli anasikitika. "Sikiliza, usikate tamaa. Fomu ina kifungu cha tisa, kinamlinda kila mshiriki. Anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na damu yake ikaondolewa."

Karani alifungua mfuko haraka hadi plastiki ikachanika. Akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Hawa hapa. Wote thelathini na wanne. Wanajitoa."

Mwenyekiti aliisoma yote, jina kwa jina. Kisha akairudisha kwa vidole viwili.

"Haya ni majina. Sisi hatuna majina. Tuna namba."

"Namba zao zilikuwa kwenye vikadi. Msaidizi alivikusanya, akasema tutavipoteza."

"Ile orodha iliyounganisha majina na namba tuliichoma," Profesa alisema. "Kanuni ndivyo inavyotaka. Ni kwa ajili ya kuwalinda."

"Kutulinda na nani?"

Mjumbe mmoja alifungua chupa yake ya maji, mlio wa kifuniko ukasikika chumba kizima.

Katibu ndiye aliyeokoa hali. Alikuwa akipekua jalada, akasema fomu ya kwanza kabisa, ile ya majaribio, ina namba iliyoandikwa kwa kalamu pembeni. Sifuri sifuri moja. Ni ya binti mwenyewe.

Karani alikumbuka. Siku ile wazee waliogopa sindano, akajitokeza yeye kwanza, akanyoosha mkono huku anacheka, ili wenzake waone kwamba hakuna kitu.

"Basi hilo tumelipata!" Mwenyekiti alisema, na uso wake ukachangamka. "Hiyo tutaiondoa leo leo."

"Na ripoti itabadilika?"

"Kwa mtu mmoja?" Profesa alisema. "Hapana. Namba hazitikisiki kwa mtu mmoja."

Maabara ilikuwa jengo la nyuma. Fundi wa maabara, mzee mwenye koti jeupe na kandambili za mpira, aliisoma barua ya kamati akiwa amesimama, akamtazama Karani kuanzia viatu kwenda juu.

"Umetoka mbali, mwanangu."

"Mbali, baba."

"Umekula?"

"Nitakula."

Alivaa glovu, akafungua mlango wa jokofu kubwa. Moshi wa baridi ukamwagika hadi sakafuni. Ndani kulikuwa na visanduku, na ndani ya kisanduku kimoja vichupa vyembamba kama vidole vya mtoto, vimesimama mistari kwa mistari, kila kimoja na ukungu wake mweupe.

"Vyenu ndivyo hivi. Thelathini na vinne."

Karani aliinama. Kwenye vibandiko hapakuwa na herufi hata moja.

"Mama yangu yumo humu. Alifariki masika yaliyopita. Hakuna namna ya kumjua?"

Mzee alitikisa kichwa kukataa. "Pole, mwanangu. Mimi nina miaka ishirini na mbili hapa. Ukishaingia humu, hujulikani." Akavuta kichupa cha kwanza cha mstari wa kwanza. "Tusiuache mlango wazi, joto linaingia. Vingine vitaharibika."

Karani hakusogea.

"Vikiharibika?"

"Vikiharibika, kazi imekwisha. Hakuna tena cha kupima."

Walitazamana. Mkono wa Karani ulikuwa karibu na ukingo wa mlango, na moshi ulimpanda kifundoni. Mzee hakumkaripia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu," akausukuma mlango kwa bega, ukajifunga.

Juu ya meza kulikuwa na fomu. Safari hii ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Karani aliisoma yote, neno kwa neno, akifuatisha kwa kidole. Alipofika chini akasimama.

"Baba, hapa panasema *ombi la jamii limepokelewa na kutekelezwa*."

"Ndiyo."

"Lakini ni mimi tu."

"Ndiyo fomu iliyopo. Hawana nyingine." Mzee alitazama saa ya ukutani. "Usiposaini nakirudisha kichupa ndani. Sina ruhusa ya kukiacha nje."

"Na nikisaini watasema tumeridhika."

"Watasema, mwanangu. Hata usiposaini, watapata la kusema."

Alishika kalamu. Aliandika jina lake la kweli, lile la kwenye cheti cha shule, herufi moja moja. Mzee akachana nakala ya chini akampa, kisha, badala ya kukitupa kichupa kwenye ndoo yenye mfuko mwekundu kama barua ilivyoagiza, akakiviringisha ndani ya glovu na kumtia mkononi.

"Chukua. Mimi sijakuona."

Nje jua lilikuwa la utosini. Wanafunzi walipita makundi kwa makundi, wakicheka, wakila njugu, mmoja akamkanyaga kiatu kikamtoka, akasema samahani bila kugeuka. Karani alikirudisha. Alivuka geti, akasimama kando ya barabara, na simu ikaita.

"Karani!" Ilikuwa sauti ya mjomba, anapiga kelele kushinda mtandao. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga, nyingi, si moja. "Wameshafika, wanapigilia vigingi. Wamesema siku tisini, lakini wamekuja leo kupima. Umezungumza nao?"

"Nimezungumza, mjomba."

"Uliwaambia habari ya vidole?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Glovu ilikuwa imeanza kulowa. Aliifungua. Ukungu wa kichupa ulikuwa umeyeyuka na maji yalimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Karani? Unanisikia? Shangazi yako ameshafunga vyombo, nimemwambia asubiri kwanza neno lako. Watu wote wamekaa juu ya mizigo. Niambie basi. Tufunge au tufungue?"

Alikiinamisha kichupa upande mmoja. Damu, iliyokaa miaka miwili imeganda, ilianza kuteleza taratibu ndani ya kioo, kuufuata mkono wake.

"Karani?" mjomba aliita. "Karani, watu wanasubiri."