Hesabu ya Eda

...na nyumbu hawahesabu kwa kalenda ya ukutani, anajisemea Nihal huku vidole vikitafuta mawe kwenye ungo wa mchele, wao huangalia mvua na majani wakaondoka zao, lakini Ghalibu, shemeji yake, mtu wa swala tano, mtu ambaye kila Ramadhani hupanda juu ya paa kuutafuta mwezi kwa macho yake mwenyewe, leo ameketi sebuleni anahesabu eda ya mke wa marehemu nduguye kwa kalenda ya duka la magodoro, “Shemeji anamaliza keshokutwa, Ijumaa, Mei Mosi, nimeshatia alama,” anamwambia Yaqoub, ametia alama, eti, Nihal amekuwa gunia la karanga... eda ni ya mwezi wa mbinguni, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, na Azan wake alikata roho siku ile ile mwezi wa Rajabu ulipoandama, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, minne hiyo, na siku kumi za Mfungo Pili zimekwisha jana magharibi, alizihesabu moja moja, kwani alikuwa na kazi gani nyingine, basi ataingia na chai sasa hivi awaeleze taratibu, kwa adabu, mwandamo kwa mwandamo, na watakubali, kwa nini wasikubali, na kesho alfajiri atapanda Kosta waliyokodi akina Mwalimu Veneranda, wanawake watupu, sikukuu yote Serengeti, wataingilia lango la Ndabaka... simu inawaka pale kando ya jiko, ni ujumbe wa sauti wa Veneranda mwenyewe, na sauti yake ya kufundishia, “Nihal, shoga yangu, jina lako nimeliandika, lakini niambie kabla ya adhuhuri, kuna mtu anakimezea mate kiti chako,” na huko sebuleni Yaqoub, mwanawe wa kwanza, “Basi Ami, Jumamosi namchukua Mama twende naye Nzega, akae kwangu moja kwa moja, hapa Mtendeni atabaki na nani?”... atabaki na Nihal, mwanangu, ndiye atakayebaki naye, na kesho saa moja asubuhi Kosta itapita hapo hapo Nzega kwako, na mama yako atakuwa dirishani anakula mihogo ya kukaanga.

Azan alikuwa mwema, Mungu amrehemu, hilo hatalikana, hakuwahi kumwinulia mkono, na mpaka leo akiamka hupapasa upande wa pili wa kitanda, lakini “mwakani, mke wangu, mwakani inshallah” aliisema miaka thelathini na minne, na walipokuja jamaa kutoka Maskati aliwapakia garini akawapeleka Serengeti siku tano, Nihal akashinda jikoni akikaanga sambusa za njiani, mia mbili, sambusa zikaenda Serengeti, mkaangaji akabaki kufua mashuka ya wageni, “Twiga wa kule, Nihal, wanakutazama kama wanakujua,” Azan alimwambia aliporudi, akacheka naye, alicheka kweli, kisha akarudi jikoni akalia kwa hasira akasingizia vitunguu... na nyanya wa mama yake, Mnyamwezi wa watu, alitoka hapa hapa na msafara, kwa miguu, mtoto mgongoni na chungu kichwani, hadi Bagamoyo, akaiona bahari akarudi akaisimulia, na yeye kitukuu ana miaka hamsini na sita hajavuka Shinyanga... “Shemeji! Chai vipi?” “Inakuja,” mdomo umejibu wenyewe, mdomo huu, umezoea... haya, atawaeleza, Ghalibu atasema kweli nilipitiwa, atasema hivyo, si mtu mbaya, halafu atasema, lakini watu, shemeji, watu watasema nini, kaburi bado bichi wewe unakwenda kutazama simba, na Yaqoub atasema Mama presha, Mama magoti yako, na baada ya magoti litazuka jingine, naye atasimama pale na sinia mkononi akijibu hili na hili, mpaka Kosta iondoke...

vidole vinasimama ndani ya mchele... kwani anawathibitishia nini, hesabu hii imekosewa wapi hata ikakaguliwe sebuleni, ilikuwa baina yake na Mola wake, miezi minne na siku kumi bila wanja, bila manukato, bila kuvuka kizingiti hata alipozaliwa mjukuu, na hakuichunga kwa kuogopa alama ya mtu, aliichunga kwa sababu alimpenda yule mwanamume, pamoja na mwakani zake zote... “Chai, shemeji!”... birika linatokota, mchele uko kwenye ungo, sebuleni bado wanampangia Jumamosi yake, wanabishana hata chumba atakacholala, na yeye kesho anakwenda, atawaaga, na kuaga si kuomba, eda ya Azan ameikaa yote, hakumpunguzia hata siku moja, hizi tatu zilizozidi ni za Ghalibu, na Ghalibu hakuwahi kuwa mumewe...